Polishi na Nta ya Gari

Polishi ya gari ni dawa yenye chembe ndogo mno zinazokwaruza, nayo hupunguza uso wa rangi mpaka mikwaruzo ipotee. Nta hupakwa juu ya uso huo ili kuukinga. Ya kwanza huondoa, ya pili huongeza. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, zote mbili huitwa polishi, kwa sababu neno hilo limezoeleka kwa viatu na sakafu, na polishi ya viatu kimsingi ni nta. Matokeo yake si madogo: mwenye kulisugua gari kila Jumamosi kama kiatu hulimaliza akidhani analitunza.

Kinachomalizwa ni tabaka la juu kabisa, ambalo mafundi wa rangi huliita klia. Magari mengi ya siku hizi yana praima, kisha rangi yenyewe, kisha klia, tabaka angavu linalobeba mng'ao na kemikali za kuzuia mionzi ya jua. Unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50, haufikii unywele wa kawaida. Klia ikiisha, hakuna polishi ya kuirudisha. Boneti hubabuka na dawa yake ni kupigwa rangi upya.

Kericho na nyanda za juu za Bomet, nchini Kenya, zina sababu zao za kuichosha klia. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyopungua nguvu ya kuzuia mionzi ya jua. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na njia za kupeleka majani chai viwandani, kama zile za Litein na Mogogosiek, nyingi ni za udongo mwekundu. Tope likikaukia mlangoni na kupanguswa kwa kitambaa kikavu, mchanga uliomo hufanya kazi ya msasa. Mikwaruzo mingi hupatikana hivyo, siku ya kuosha.

Kwa hiyo maji hutangulia. Gari huwekwa kivulini, bodi ikiwa baridi, likamiminiwa maji kuanzia paa hadi tope lilegee. Ndoo ni mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Sehemu za chini ya milango huoshwa mwisho, kwa kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwani huondoa nta. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mikalatusi, miti inayopandwa kwa wingi huko kwa kuni za viwanda vya chai, hulowekwa, havikwanguliwi.

Polishi hutumika tu pale mikwaruzo inapoonekana juani baada ya kuosha, kidogo kidogo na kwa eneo dogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ama gari ni la zamani lisilo na klia, ama klia imekwisha hapo, kusugua kukome.

Nta hupakwa nyembamba, ikaachwa ikauke, kisha ikafutwa. Iliyo maarufu zaidi ni ya kanauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya minazi uotao Brazili. Mvua ya alasiri huonyesha hali yake: maji yakisimama matone matone, nta ipo, yakitandaa, imekwisha, na kinachohitajika ni nta nyingine, si polishi.

Istilahi basi zitenganishwe hata katika vitenzi: kusugua kwa polishi, kupaka nta. Kopo linalodai kufanya yote mawili kwa kawaida lina chembe za kukwaruza, na lihesabiwe kuwa polishi.