Ni Umri Tu, Mama: Historia ya Viungo vya Wanawake Koboko na Arua

Mwaka wetu wa pili hapa Lobule, mama mkubwa wangu alianza kushuka kitandani kama mtu anayeshuka mtini. Mkono kwanza, goti moja, apumzike, halafu goti la pili. Alikuwa na miaka 49. Mwezi wake ulikuwa unakuja na kupotea, usiku anatoka jasho mpaka shuka inaloa, na asubuhi vidole vinakataa kukunja. Alifika kwenye bomba la maji saa kumi na mbili, lakini mpini ulimshinda, ikabidi watoto wa jirani wampampie.

Alikwenda kituo cha afya mara tatu. Kila mara alipimwa malaria, na kila mara malaria haikuonekana. Mara ya tatu akaambiwa, "Ni umri tu, mama." Akarudi nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Basi umri ni ugonjwa gani huo, usio na dawa wala jina?"

Swali hilo halikunitoka. Nikaanza kuuliza wazee na kusoma kila nilichopata, na nikakuta kwamba eneo hili letu lina historia ndefu na maumivu ya viungo. Kuna maumivu yaliyopata jina haraka, na kuna yaliyongoja miaka mia.

Tuanze na yaliyopata jina. Mwaka 1959, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watu walianza kushikwa na homa iliyowapiga kwenye magoti, viwiko, vifundo na vidole, mtu akashindwa kusimama wima. Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, neno lenye maana ya viungo kulegea kwa maumivu. Watafiti wa virusi kutoka Entebbe walikuja kuchukua damu za wagonjwa. Walipata kirusi kipya kinachobebwa na mbu yuleyule wa Anofelesi anayeleta malaria. Homa ikashuka kusini, ikaingia Kenya na Tanganyika, na ilipotulia mwaka 1962 ilikuwa imepita kwa watu wapatao milioni mbili. Hadi leo daktari wa London akiiandika, anaandika neno la Kiacholi.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1952, kule Newala kwenye nyanda za Wamakonde, homa nyingine iliwakunja watu migongo, nayo ikaitwa kwa neno la Kimakonde la kujikunja: chikungunya. Mnaona? Mara mbili watu wa Afrika Mashariki waliyaita maumivu ya viungo kwa lugha yao, na sayansi ikakubali. Lakini hizo zilikuwa homa za kila mtu. Ziliwalaza wanaume na wakulima shambani, ndiyo maana watu wa maabara walikuja na magari.

Sasa maumivu ya mama mkubwa. Kukoma kwa mwezi kulipata jina la kitabibu Ufaransa, kwa daktari Charles de Gardanne, mwaka 1821. Mwaka 1925 madaktari wawili wa Marekani, Russell Cecil na Benjamin Archer, wakaandika kwamba wanawake wengi waliofika umri huo wanaumwa viungo kwa namna yake, hasa magoti na vidole. Baada ya hapo jambo likalala. Ilikuwa mwaka 2024 tu ambapo daktari wa mifupa Vonda Wright na wenzake walipendekeza jina moja la kukusanya yote hayo: maumivu ya viungo, misuli kupungua, mifupa kukonda na bega kuganda. Kutoka 1925 hadi 2024 ni miaka 99. Homa ya mbu ilipata jina lake hapohapo ilipoanza.

Kinachotokea mwilini kinaelezeka kwa maneno machache. Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni. Kazi yake si uzazi peke yake: inasaidia mifupa iwe imara, inashika misuli, na inatuliza uvimbe ndani ya viungo. Mwezi unapokaribia kukatika, estrojeni inapanda na kushuka ovyo, kisha inashuka kabisa. Viungo vinabaki bila kinga waliyoizoea miaka thelathini na zaidi. Usingizi nao unakatika kwa sababu ya jasho la usiku, na mtu asiyelala anaumia zaidi. Kwa hiyo mama mkubwa hakuwa anadeka, wala hakurogwa kama wengine walivyonong'ona.

Lakini homoni si habari yote, na hili nililijifunza kwa jirani yetu mwenyeji, bibi mmoja Mkakwa. Koboko iko karibu na Salia Musala, pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, na Wakakwa wako pande zote tatu. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa wote kuwa watu wake. Oktoba 1980 wanajeshi wa serikali mpya waliingia, nyumba zikachomwa. Juni 1981 watu waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humohumo. Maelfu wakavuka kwenda Sudan na kwetu, upande wa Aru.

Bibi alivuka akiwa msichana, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Alilima mashamba ya watu wa Kongo miaka kadhaa kabla ya kurudi. Leo sisi ndio tuko kwake. Anasema goti lake la kushoto lilianza kulia mwaka mwezi wake ulipokatika, "lakini liliumia zamani, kwenye njia ya Aru." Jerikani ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Hesabu safari za miaka arobaini, ongeza jembe, kuni, mtoto na njia ya kukimbia vita. Estrojeni ilikuwa inafunika deni hilo. Ilipoondoka, deni likadaiwa lote kwa pamoja.

Hapa nafika mahali panaponiuma. Mama mkubwa, alipochoka kuambiwa "ni umri", alinunua dawa dukani. Si duka moja wala mtu mmoja, na sitaji jina. Alipewa vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye karatasi, bila maandishi. Siku ya tatu alitembea kama msichana. Tukashangilia! Aliendelea kununua miezi mingi. Uso wake ukawa wa mviringo, shavu limejaa, na watu wakimwona wanasema, "Kambi imekupenda, umenenepa." Kumbe lilikuwa vimbe la dawa.

Muuguzi mmoja mjini Arua ndiye aliyetambua. Vilikuwa vidonge vya jamii ya prednisoloni. Vinazima maumivu upesi, lakini vikitumiwa kwa muda vinapandisha sukari na presha, na vinakonda mifupa. Fikiria, mifupa ambayo tayari inakonda kwa sababu ya umri huo! Muuguzi hakumwambia aache ghafla, kwa sababu mwili uliozoea dawa hizo unaweza kuanguka. Alipunguziwa polepole, wiki kwa wiki.

Kisha tukaanza upya, na vitu vya hapahapa. Bibi alimfundisha kitambaa cha maji ya moto kwenye magoti asubuhi kabla ya kusimama, na kuyakanda kwa mafuta ya mshea, yale ambayo ndugu wa Sudan Kusini wanayaita lulu. Mafuta hayaponyi kiungo, tusidanganyane, ila joto na mkono wa mtu vinalegeza misuli. Muuguzi akaongeza mazoezi: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, bila kushika. Paja likiwa na nguvu, goti linabeba kidogo. Akasema maharage, dagaa na mboga za majani zisikosekane kwenye posho. Siku mbaya, parasetamoli, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Diklofenaki na aibuprofeni si za kila siku, zinatoboa tumbo na kuchosha figo. Dawa za homoni zipo duniani na zinawasaidia baadhi ya wanawake, ila zinataka daktari wa kuangalia presha, moyo na historia ya saratani.

Akatuonya pia kwamba si kila kiungo kinachouma katika umri huu ni mwezi kukatika. Kiungo kimoja kikiwa chekundu na moto, au kuna homa, au ugumu wa asubuhi unazidi saa moja kila siku, nenda ukapimwe. Na anayekunywa maziwa mabichi aseme, maana ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa bruselosi unakaa kwenye viungo.

Jambo kubwa zaidi nililoona Arua lilikuwa swali. Kabla ya kumgusa goti, yule muuguzi aliuliza, "Mama, mwezi wako ulikuja lini mara ya mwisho?" Katika ziara tatu za mwanzo hakuna aliyeuliza. Swali hilo halihitaji maabara wala umeme. Wamama wenzangu, wasipokuuliza, sema mwenyewe. Sema hata kama anayesikiliza ni kijana wa kiume na unaona haya.

Mama mkubwa bado anashika ukuta asubuhi. Lakini anakwenda bombani peke yake, na jerikani ya lita 10, safari mbili badala ya moja. Njiani anampitia bibi, nao wanakwenda polepole, wakibishana nani alikimbia mbali zaidi.