Maji ya Ngarambe, Watazamaji wa Jabe

Kikundi cha maigizo kikichagua mchezo, kinauliza kwanza: tuko wangapi, na nguo tutazitoa wapi? Ni maswali ya lazima. Lakini hapa Jabe kuna lingine linalotangulia: nani atakaa kwenye benchi kututazama?

Wenzetu wengi wanautaka mchezo wa Aimé Césaire juu ya Lumumba, uliotoka 1966. Ni mchezo mkubwa, na Lumumba ni wetu. Ila uko kwa Kifaransa, na mama anayeuza ndagala Buyenzi hatakaa masaa kusikiliza Kifaransa. Tena, wakubwa wa wakati ule wamebadilishwa majina kidogo tu. Kila mtu atawatambua, na anajua tayari nani wa kumzomea.

Mimi niko upande wa Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein, ulioandikwa kwa Kiswahili na kutoka 1969. Sababu yangu ni ya historia.

Kinjikitile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo. Mjerumani alikuwa akiwalazimisha watu kulima pamba. Mganga akagawa maji: ukiyapata, risasi itageuka maji. Makabila ambayo hayakuwa na mkuu mmoja yakasimama pamoja 1905. Yeye akanyongwa mwaka uleule, mwanzoni kabisa. Vita vikaendelea hadi 1907, na njaa ikamaliza waliobaki na pumzi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Sasa, nani kwetu hajasikia habari ya maji kama hayo? Simba walioshika Uvira 1964 walinyunyiziwa dawa na kuingia vitani wakiita maji ya Mulele. Miaka ya 1990 wakatokea Mai-Mai, na jina lenyewe linajieleza. Jabe hii kuna mtu aliyewakimbia, na kuna mtu ambaye mdogo wake aliingia kwao akiwa bado mtoto. Watakaa benchi moja. Ukiwaigizia Fizi au Masisi, mmoja atasimama aondoke. Ukiwaigizia Ngarambe, wote wawili wanaweza kubaki hadi mwisho.

Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, ni wa kubuni. Kwa hiyo amempa mashaka. Katika mchezo, Kinjeketile anagundua kwamba maneno aliyoyasema akiwa na pepo yanawaahidi watu kuwa watoto wa Seyyid Said. Ndiyo kusema: kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Anataka watu wangoje, lakini hawamsikilizi tena. Hilo ndilo swali letu: maji yanatuunganisha, sawa, lakini tukishinda tutakuwa wa nani?

Mwisho wake utatuletea ubishi. Akiwa mfungwa, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, maana adui angeitumia kauli hiyo kusema kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Wapo wanaotaka tuubadilishe, ili vijana wasivutwe tena msituni. Naelewa hofu yao, nami ninayo. Lakini tusikate kitu. Tuucheze mzima, halafu taa zibaki zinawaka, wazee na vijana waulizane. Mchezo unaojibu kila kitu hauwaachii watu wa Jabe neno la kusema, na sisi tumeshanyamaza miaka mingi.