Mama Lishe wa Dar es Salaam: Historia ya Kazi ya Waliobaki na Watoto

Mama lishe ni mwanamke anayepika na kuuza chakula kilichoiva, barabarani au kibandani, kwa bei ambayo kibarua anaimudu. Jijini Dar es Salaam anapatikana kando ya majengo yanayojengwa, kwenye stendi za mabasi, gereji na masoko, Feri na karibu na malango ya bandari. Wanaofanya kazi hii ni wa aina nyingi, lakini tangu mwanzo wamekuwamo wajane, waliopewa talaka na waliozaa bila kuolewa. Hao ni wanawake waliokaa nyumbani miaka mingi wakilea, kisha wakalazimika kutafuta riziki bila cheti, bila mtaji wa maana na bila mtu wa kumwachia watoto. Kwa muda mrefu mji umekula kwao, na kwa muda mrefu pia sheria imewahesabu kuwa watu wasio na kazi.

Mizizi ya kazi hii imo katika maisha ya mwambao kabla ya ukoloni. Katika miji ya Waswahili talaka lilikuwa jambo la kawaida, na mwanamke aliweza kuolewa zaidi ya mara moja maishani. Aliyeachwa alikaa eda kwa muda wa kama miezi mitatu, na aliyefiwa na mume alikaa miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha alirudi kwa wazazi au kaka zake, akaolewa tena, au akaanza kujitegemea. Kwa kuwa sheria ya Kiislamu huihesabu mali ya mke kuwa yake mwenyewe, mahari na vipuli vya dhahabu vingeweza kugeuzwa mtaji. Kazi alizozijua zilikuwa kushona kofia, kusuka mikeka kwa ukili, kukaanga samaki na kupika maandazi na vitumbua. Nyingi zilifanyika uani au barazani. Mama alikaa na chuma chake cha vitumbua juu ya moto, mtoto akabeba sinia kichwani na kuzunguka mtaani akinadi. Hivyo mama aliingia sokoni bila kuonekana amevunja heshima ya nyumba yake.

Kukomeshwa kwa utumwa kuliongeza idadi ya wanawake waliohitaji riziki. Zanzibar utumwa ulifutwa mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909, na Tanganyika sheria ya kuukomesha ilitungwa mwaka 1922. Wengi wa wanawake waliokuwa watumwa hawakuwa na ukoo wa kurudia. Walihamia mijini, wakafua nguo, wakateka maji na kuuza chakula. Kazi walizokuwa wakizifanya bila malipo ndani ya nyumba za mabwana zao sasa zikawa na bei.

Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ukawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaingia mikononi mwa Waingereza. Chini ya tawala zote mbili za kikoloni, ajira za mshahara zilikuwa za wanaume: bandarini, kwenye reli, katika ofisi, hata kazi za jikoni na za kufua katika nyumba za Wazungu. Mshahara ulipangwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto mjini, na kwa kweli wengi walikuja peke yao kutoka bara. Kwa hiyo Kariakoo na Ilala zilijaa wanaume waliotoka kazini na njaa wasiwe na wa kuwapikia. Wanawake ambao hawakuwa na nafasi katika ajira rasmi wakapata wateja wao hapo.

Mwanamke aliyebaki peke yake mjini alikuwa na njia tatu kubwa za kujipatia fedha kwa halali au nusu halali. Ya kwanza ilikuwa nyumba: aliyefanikiwa kujenga au kurithi nyumba ya udongo na makuti alipangisha vyumba. Ya pili ilikuwa pombe ya kienyeji. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini serikali iliifungia katika vilabu vyenye leseni, na aliyeipikia nyumbani aliishi kwa kuwakwepa polisi. Ya tatu ilikuwa chakula, ambacho faida yake ilikuwa ndogo lakini hakikumharibia mtu jina msikitini wala mtaani. Hata hivyo chakula nacho kilikuwa na kanuni zake. Kukiuza hadharani kulihitaji kibali, na bwana afya aliweza kumwaga sufuria nzima kwa sababu ya inzi au maji machafu. Ugomvi kati ya mama wa chakula na mkaguzi wa mji ulianza wakati huo, na haujaisha.

Wanawake hao hawakuwa watu wa pembeni katika siasa za uhuru. Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka 1955 kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kujiunga na chama cha TANU, alitumia vikundi vya ngoma ambavyo wanachama wake walijuana mtaa kwa mtaa. Wengi walikuwa watu wazima, Waislamu, wasio na elimu ya shule au wenye kidogo tu, na si wachache walioachika na kuishi kwa biashara ndogo za vitumbua, samaki na pombe. Mwanamke mwenye fedha yake na asiye na mume wa kumwomba ruhusa alikuwa huru kuhudhuria mikutano ya usiku na kununua kadi ya chama. Mfanyakazi wa serikali wa wakati huo hakuwa na uhuru huo, kwani alikatazwa kujiunga na chama cha siasa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 milango ya ajira ilifunguka, lakini aliyeingia ni mwenye cheti. Msichana aliyemaliza sekondari aliweza kuwa karani, muuguzi au mwalimu. Mama wa miaka arobaini aliyeachika na watoto watano hakuwa na cha kumwonyesha mwajiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa haki ya kudai sehemu ya mali iliyochumwa na wanandoa kwa pamoja, lakini kwa miaka kadhaa mahakama hazikukubaliana iwapo kupika, kufua na kulea ni kuchuma. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, ingawa rufaa iliyozaa uamuzi huo yenyewe ilitupwa. Aliyezaa nje ya ndoa alikuwa na ulinzi mdogo zaidi. Fedha ya matunzo ambayo sheria ya enzi za ukoloni ilimruhusu kudai kwa baba wa mtoto ilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, na sheria hiyo haikuondolewa hadi ilipotungwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Muda mrefu kabla ya hapo, shilingi 100 zilikuwa zimeshindwa kununua hata sahani moja ya wali.

Mama lishe wanaojulikana leo walienea katika miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemeza fedha za nchi, na madukani sukari, unga na sabuni vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Mshahara wa kima cha chini ulifika mahali pa kulisha familia kwa siku chache tu za mwezi. Wake waliokuwa nyumbani wakaanza kupika na kuuza. Waliokuwa peke yao tangu mwanzo wakapata wenzao wengi barabarani. Wateja nao waliongezeka, kwa sababu mfanyakazi aliyeishi mbali hakuweza kurudi nyumbani mchana kwa shida ya usafiri.

Serikali iliwaona kwa jicho jingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na msako ukapita mijini kuwakamata waliohesabiwa kuwa wazururaji ili wapelekwe vijijini kulima. Mwanamke asiye na mume wala kitambulisho cha kazi alikuwa mawindo rahisi, hata kama alikuwa ametoka kulisha vibarua hamsini mchana huohuo. Msako haukudumu, kwa kuwa waliopelekwa walirudi na mji haukuweza kuishi bila wao. Kilichobaki ni leseni ya nguvu kazi, ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa wafanyabiashara wadogo karatasi ya kuonyesha. Mageuzi ya uchumi yaliyofuata kuanzia mwaka 1986 yalilegeza masharti ya biashara, na katika miaka ya 1990 ubinafsishaji wa mashirika ya umma ulipunguza wafanyakazi wengi. Baadhi ya wanawake walioachishwa viwandani waliishia kwenye mafiga, wakiwapikia wenzao waliobaki.

Kazi yenyewe ina taratibu ambazo hazijabadilika sana. Siku huanza saa kumi alfajiri. Maharage yaliyolowekwa usiku hubandikwa kwanza kwa sababu ndiyo yanayochelewa. Wakati yanachemka, mama hukanda unga wa chapati na kupika uji au chai ya wateja wa asubuhi. Mchele, sembe, dagaa na mchicha hununuliwa kwa kiasi cha siku moja, na mkaa kwa kisado au kwa gunia kwa mwenye uwezo. Saa sita mchana wali, ugali na mboga huwa tayari, pamoja na beseni la kunawia na mabenchi chini ya turubai. Saa tisa masufuria huwa yameoshwa. Kilichobaki huliwa nyumbani, na hiyo ni sehemu ya mapato ambayo hesabu ya fedha huisahau: hata siku ambayo faida haikupatikana, watoto wamekula.

Anayeanza hajifunzi kupika, maana amepika maisha yake yote. Hujifunza kukadiria, kwa maana ya kujua sahani ngapi hutoka katika kilo moja ya mchele na vipande vingapi katika samaki mmoja. Mara nyingi huanza kwa kumwoshea vyombo mama mwenye kijiwe chake, ambaye huenda ni ndugu, jirani au mtu wa kwao, kisha hutafuta eneo lake panapoanza jengo jipya. Jengo likiisha, wateja huhama na yeye huwafuata. Kinachomponza mgeni zaidi ni mkopo. Vibarua hula wiki nzima kwa kuandikwa kwenye daftari na kulipa Jumamosi, na fundi akiondoka na hesabu ya watu wake mtaji huenda naye. Kinga dhidi ya hasara hiyo ni mchezo: wanawake kadhaa huchanga kiasi kilekile kila siku au kila wiki, kijumbe hukusanya, na kila mmoja hupokea fungu lote kwa zamu yake. Ada za shule, kodi ya chumba na masufuria makubwa hupatikana kwa njia hiyo. Tangu miaka ya 1990 yameongezeka mashirika ya mikopo midogo, vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na mikopo ya halmashauri, ambayo baadaye sheria iliitengea asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Uhusiano na wakubwa wa mji umekwenda kwa mawimbi. Kipindupindu kinapoingia, kama mwaka 2015, uuzaji wa chakula barabarani hupigwa marufuku, na aliyekuwa akiishi kwa mapato ya siku hubaki bila kitu. Mwaka 2006 wafanyabiashara wadogo waliondolewa katikati ya miji, na mwaka 2021 walihamishwa tena kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa, ambayo mengi yalikuwa mbali na wateja. Kati ya hayo, Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho hakupaswa kusumbuliwa na mgambo. Katika miaka ya karibuni macho yamehamia kwenye mkaa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie kufikia mwaka 2034, na mama lishe wamekuwa miongoni mwa wanaogawiwa mitungi ya gesi.

Mabadiliko mengine yamekuja kwa upande wa cheti. Katika miaka ya 2010 mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ilianza kuwapima watu waliojifunza kazi nje ya darasa, na upishi ukawa miongoni mwa fani za mwanzo pamoja na uashi na useremala. Anayefaulu hupewa cheti kinachotambulika hotelini na kwenye zabuni za kulisha wafanyakazi. Wanaokipata bado ni sehemu ndogo ya mama lishe wote, lakini kwa njia hiyo ujuzi uliopatikana jikoni nyumbani unaweza sasa kuwekwa mbele ya mwajiri.