Kituo cha Mwisho Mwanza: Meli na Ndege za Ziwa kwenye Karatasi

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika. Kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi, wala Dar es Salaam, wala Cape Town. Kilikuwa Mwanza. Vyombo vilibadilishwa njiani mara kadhaa, na kutoka Khartoum safari iliendelea kwa Short Calcutta, ndege ya kutua majini yenye bawa juu ya bawa, injini tatu na viti vya watu kumi na tano hivi. Ikafuata Nile kwenda kusini mpaka Ziwa Victoria, ikagusa Port Bell na Kisumu, kisha ikashuka kwenye maji ya Mwanza katikati ya majabali yale yale ambayo msafiri wa leo huyaona akiwa kwenye kivuko.

Wakati huo reli ya kutoka Tabora ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu tangu ifike Mwanza mwaka 1928. Ilipita Shinyanga, ikabeba pamba na ngozi, na sasa ikawa inapokezana na ndege mifuko ya barua. Septemba ya mwaka huo huo, Uingereza iliachana na utaratibu wa kuifunga pauni kwenye dhahabu. Bei ya dhahabu ikapanda, na wenye sururu wakageuza macho kuelekea vilima vya kusini mwa ziwa. Wajerumani walikuwa wameigundua dhahabu ya Geita tangu 1898 bila kuifanyia makubwa. Katika miaka ya 1930 ndipo mgodi mkubwa ulipofunguliwa, ukachimbwa hadi 1966.

Kwa hiyo mahali palikuwepo, na sababu ya watu kuja ilikuwepo. Kilichokosekana ni bango.

Imperial Airways ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyotumia wachoraji hodari kuliko mengi ya zama zake. Mwaka 1932 Theyre Lee-Elliott aliichorea nembo ya ndege-mnyama aliyenyooka kama mshale, mistari michache tu, na nembo hiyo ikaishi kuliko shirika lenyewe. Miaka michache baadaye László Moholy-Nagy, Mhangaria aliyewahi kufundisha katika shule ya Bauhaus kule Ujerumani, aliwatengenezea ramani ya njia zao kwa mtindo wa kisasa kabisa. Lakini kufikia hapo Mwanza ilikuwa imeshaachwa. Januari 1932 njia ya barua hadi Cape Town ilipofunguliwa, ilipinda kwenye Kisumu ikapita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 zilipokuja ndege kubwa za majini za injini nne, nazo zilitoka Kisumu zikaenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi mpaka Durban. Fahari ya Mwanza kuwa mwisho wa safari ya London haikumaliza mwaka.

Hata hivyo mabango ya shirika hilo hayakuchorwa kwa ajili ya macho ya mtu wa Shinyanga. Yalibandikwa kwenye vituo vya treni na ofisi za mawakala Ulaya, mbele ya watu wenye uwezo wa kulipa nauli. Afrika iliyoonekana humo ilikuwa ya kutazamwa kutoka juu: mto, mnyama, mlima wenye theluji, na kivuli cha bawa. Ni sanaa nzuri, na hakuna haja ya kuikana. Kila rangi ilikuwa na sahani yake ya kuchapia, na rangi ilikuwa gharama, kwa hiyo mchoraji alilazimika kuchagua nne au tano na kuzitandaza bila kuchanganya. Anga likawa bapa moja la njano, maji bapa moja la buluu, herufi nene chini. Ubahili huo wa rangi ndio watu wa leo wanaouita mtindo wa kale.

Kwa upande wa meli, kila mtu aliiga bango moja. Mwaka 1935 Cassandre, mchoraji wa Ufaransa mzaliwa wa Kharkiv, aliichora meli ya Normandie kwa kumsimamisha mtazamaji chini kabisa, usawa wa maji, uso kwa uso na omo. Meli inajaza karatasi yote. Ukitaka kujua ukubwa wake, unatafuta vindege vidogo vyeupe vilivyo karibu na mstari wa maji, na hapo ndipo unaposhtuka. Tangu hapo, mchoraji anayetaka kuitukuza manowari mara nyingi hufanya hivyo hivyo: omo kubwa, mtu mdogo.

Ziwa lilikuwa na meli za kustahili heshima hiyo. Rusinga na Usoga zilijengwa na Bow, McLachlan huko Paisley, Scotland, kabla tu ya Vita vya Kwanza. Zilifunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapandishwa treni hadi Kisumu na kuunganishwa tena kwa riveti ufukweni. Dada zao wakubwa, Winifred na Sybil, walikuwa tayari majini tangu mwanzo wa karne. Vita vilipoanza mwaka 1914, stima hizi za mizigo na abiria zilifungwa mizinga zikawa manowari. Wajerumani nao wakaipa silaha tishari yao ya Mwanza, iliyoitwa kwa jina la mji wenyewe. Novemba 1914 Sybil ilikwama kwenye mwamba karibu na Majita. Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba, na Julai 1916 wakashusha askari wakaichukua Mwanza. Vita vya majini vilipiganwa kwenye maji yasiyo na chumvi, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na havikupata bango hata moja lililokumbukwa.

Sifa zote zilikwenda Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Huko meli ya Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuletwa vipande kwa reli, ilishushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mafundi wakiwa wamezipaka mashine grisi nzito kwa matumaini ya kurudi. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Leo ni meli inayowavutia wasanii wa mabango ya mtindo wa kale, na si vigumu kujua kwa nini: ina bomba zuri na ina kisa. Ziwa Victoria nalo lilikuwa na mapigano yake, lakini umaarufu mdogo zaidi. Historia ya matangazo haina haki.

Basi picha za meli na ndege ziliwafikiaje wakazi wa Shinyanga na Geita? Kwa posta.

Stempu ni bango lililopunguzwa. Sheria zake ni zile zile: rangi chache, kitu kimoja kikubwa katikati, maneno machache, na lazima isomeke kwa mtupo wa jicho. Tofauti ni kwamba stempu haikubaki London. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa mfululizo wa pamoja uliokuwa na jahazi kwenye Ziwa Victoria, tanga limejaa upepo. Wakusanyaji wa stempu duniani bado wanaichungulia kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu kuna nakala ambazo kamba imeshikana na tanga na nyingine ambazo kamba imeachia. Aliyechonga sahani hakuwa na habari kwamba miaka tisini baadaye watu wangelipa ziada kwa unywele mmoja wa wino. Mfanyabiashara wa pamba wa Shinyanga aliyeilamba na kuibandika kwenye bahasha hakuwa na habari pia.

Kilele kilikuja baada ya uhuru, wakati nchi tatu zilipokuwa bado na posta moja, reli moja na shirika moja la ndege. Mwaka 1967 East African Airways ilitimiza miaka ishirini na moja, na stempu nne zikatolewa. Ya kwanza ilikuwa na Dragon Rapide, ndege ndogo ya mabawa mawili ambayo shirika lilianza nayo mwaka 1946. Nyingine zilikuwa na Fokker Friendship, Comet na Super VC10. Ukizipanga mezani unapata historia nzima bila kusoma neno: kutoka turubai na mbao hadi jeti ya injini nne mkiani, ndani ya miaka ambayo mtoto huwa mtu mzima.

Miaka miwili baadaye, 1969, ikawa zamu ya vyombo vya majini. Humo ilikuwemo MV Victoria, iliyotengenezwa na Yarrow ya Glasgow na kuanza kazi ziwani mwaka 1961. Humo pia ilikuwemo Umoja, meli ya kubeba mabehewa ya treni. Hapa msanifu alifanya jambo ambalo bango la Ulaya lisingelifanya: alikipa uso chombo cha kazi. Umoja haina urembo. Ni sitaha bapa yenye reli juu yake, nayo iliyavusha mabehewa kati ya Mwanza, Kisumu na Port Bell ili mzigo usishushwe na makuli na kupakiwa upya. Lakini mtu aliyekuwa na marobota ya pamba kwenye stesheni ya Shinyanga aliijua thamani yake kuliko ya Comet.

Nje ya posta, picha ilihamia kwenye nguo. Kanga imewahi kubeba kila kitu, zikiwemo ndege na meli, na kanga ni bango kwa maana kamili: ina picha, ina mpaka, ina maneno chini, na inatembea. Kisha kulikuwa na studio za picha. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walipata jina kwa mapazia yao yaliyochorwa ndege, meli na majumba marefu, na mteja aliyevuka kwa pantoni kwenda kutafuta kibarua aliweza kutuma nyumbani picha akiwa amesimama kana kwamba ndege inamsubiri yeye. Bango la Imperial Airways lilimwondoa mtu ili ndege ionekane. Pazia la Likoni lilimrudisha, tena mbele.

Kuna ndege ambazo ukanda huu ulizijua bila karatasi yoyote. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ina uwanja wake wa ndege hadi leo, wenye alama yake ya kimataifa, MWN, mbali na ule wa Shinyanga mjini ulioko Ibadakuli. Mgodi wa almasi kuwa na uwanja wake si anasa. Na mwaka 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mchoraji wa mabango ya kijeshi angepata taabu sana na tukio hilo.

Serikali ilirudi kwenye bango kwa kishindo miaka ya karibuni. Kila ndege mpya ya Air Tanzania ilipotua, yenye twiga mkiani, ilipokewa kwa sherehe, na picha yake ikasambaa kwenye mabango ya barabarani, kalenda na fulana. Dreamliner ya pili, iliyofika Oktoba 2019, iliitwa Rubondo Island, jina la kisiwa kilichomo mkoani Geita, ambao wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Jina kutoka ukanda huu likawa ubavuni mwa ndege ya masafa marefu. Februari 2023 ikashushwa majini MV Mwanza, mita 92.6, abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Ukiitazama picha yake iliyopigwa kutoka chini, omo mbele, utamwona Cassandre palepale, ingawa huenda mpiga picha hajawahi kulisikia jina hilo.

Sasa mabango ya mtindo wa kale yanachapishwa kwa kompyuta na kuuzwa kama mapambo ya ukutani, huku yale halisi ya Imperial Airways yakinadiwa kwa maelfu ya pauni. Anayetaka kununua picha ya ndege za zamani za Ziwa Victoria ahesabu injini kwanza. Ikiwa bango linasema Mwanza 1931 na ndege ina injini nne na bawa moja, limechorwa na mtu asiyejua, kwa sababu ndege za majini za shirika hilo zenye injini nne na bawa moja ziliruka mara ya kwanza Julai 1936. Iliyotua Mwanza ilikuwa na injini tatu, zimening'inia kati ya bawa la juu na la chini. Na akiona haimudu bei ya bango la kweli, atafute stempu ya Umoja ya 1969. Hiyo bado ni rahisi.