Diski imejaa? Gawa kwanza, ndipo ufute

Leo naongea na watumiaji wa Ubuntu na ndugu zake wa ukoo wa Debian. Kompyuta ikianza kulalamika kwamba diski imejaa, wengi wetu hukimbilia kufuta picha za harusi na nyimbo. Mimi nasema, ngoja kidogo. Kuna mzigo mwingine umekaa humo ndani kimya kimya.

Mzigo gani huo?

Ukisakinisha programu kwa apt-get, kompyuta hupakua kwanza mafaili yanayoishia na .deb, inayaweka kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, halafu ndiyo inasakinisha. Kazi ikiisha mafaili yale hayaondoki. Programu unaitumia, na boksi lake bado liko stoo. Ukisasisha mfumo mara kwa mara, stoo inajaa matoleo mapya kwa ya zamani.

Fungua terminali uone mwenyewe:

du -sh /var/cache/apt/archives

Kujua diski nzima imebakiwa na nafasi kiasi gani, andika df -h.

Ukikuta folda karibu tupu usishangae. Amri fupi ya apt, tangu toleo la 1.2 la mwaka 2016, hufuta mafaili hayo yenyewe baada ya kusakinisha. Ile ya zamani, apt-get, ndiyo inayoyatunza.

Na hili si suala la nafasi tu. Nafasi ikiwa finyu mno, apt hugoma kupakua. Maana yake hata masahihisho ya usalama hayaingii, na mashine inabaki na matundu ambayo yalishazibwa kwa wenzako.

Amri tatu, usizichanganye

1. sudo apt-get autoclean: hufuta yale mafaili tu ambayo hayapatikani tena kwenye hazina, yaani matoleo yaliyopitwa na wakati.

2. sudo apt-get clean: hufuta mafaili yote ya .deb yaliyomo stoo. Programu zako haziguswi, zitaendelea kufanya kazi kama kawaida.

3. sudo apt-get autoremove: hii ni habari nyingine kabisa. Huondoa programu zenyewe, zile zilizokuja kuzisaidia nyingine na sasa hazihitajiki, pamoja na kerneli za zamani. Soma orodha yote kabla ya kukubali.

Tafadhali, usiingie humo kufuta kwa mkono ukitumia rm. Ukikosea njia ukagusa /var/lib/dpkg, umefuta daftari ambamo mfumo umeandika kila kilichosakinishwa. Hapo utamtafuta fundi.

Kabla ya kufuta, gawa

Hapa ndipo penye hoja yangu. Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba: futa tu, ukihitaji utapakua tena. Sisi wa kununua bando tunajua kila megabaiti imelipiwa. Chukua darasa la kompyuta la shule lenye mashine 10. Masahihisho ya MB 300 yakipakuliwa na kila mashine peke yake, hiyo ni GB 3. Yakipakuliwa mara moja yakazungushwa kwa flashi, mzigo mkubwa ni zile MB 300 tu.

Namna yake ni hii. Chomeka flashi, kisha nakili mafaili yote ya .deb kutoka kwenye ile folda. Kwenye mashine ya pili yaweke ndani ya folda hiyo hiyo kwa kutumia sudo, endesha sudo apt-get update, halafu sudo apt-get upgrade. Apt itayakagua, na yaliyo sahihi haitayapakua tena. Sharti ni moja: mashine zote ziwe na toleo lile lile la Ubuntu na aina ile ile ya prosesa.

Wakongwe mnakumbuka Ubuntu ilivyotufikia: CD za bure kwa posta, huduma iliyofungwa mwaka 2011. CD moja ilizunguka mtaa mzima. Moyo ni ule ule, chombo tu ndicho kimebadilika.

Kwa watu wa Windows

Msiige kwa kufuta C:\Windows\Installer. Jina lake linadanganya. Mafaili ya humo yanahitajika siku ukitaka kurekebisha, kusasisha au kuondoa programu. Tumieni zana ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows yenyewe.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: pima, nakili, gawa, kisha clean. Mwenye njia bora zaidi aimwage hapo chini, tujifunze sote.