Wachungaji wa Halle na Hisabati ya Karakana

Mara nyingi hudhaniwa kwamba wazo la kuunganisha masomo ya hisabati na sayansi na stadi za kazi lilizaliwa pamoja na viwanda vikubwa vya karne ya 19. Historia yatuonyesha vingine. Huko Ujerumani wazo hilo lilianza kutekelezwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, na miongoni mwa waliolitekeleza kwanza walikuwamo wachungaji wa Kilutheri.

Mwaka 1695 August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha karibu na mji wa Halle, alianza kuwafundisha watoto wa maskini. Kazi hiyo ilikua hata ikawa na nyumba ya yatima, duka la dawa na kiwanda cha uchapaji. Wanafunzi wa shule yake ya bweni walijifunza pia kukereza mbao na kusugua vioo vya lenzi, tena walipelekwa kuwaona mafundi wakiwa kazini.

Katika mji huo huo mchungaji Christoph Semler aliona upungufu mwingine: vijana waliingia uanagenzi bila msingi wa kupima na kukokotoa. Mwaka 1708 alifungua shule ya hisabati na mitambo, akaiita Realschule, yaani shule ya vitu halisi. Wanafunzi hawakukaririshwa kanuni tupu, bali waliwekewa mbele yao mizani, vipimo, saa na mifano midogo ya vinu na meli. Hata hivyo shule hiyo ilidumu kwa muda mfupi tu. Aliifungua tena mwaka 1738, naye akafariki mwaka 1740. Ilitegemea mno juhudi za mtu mmoja.

Johann Julius Hecker, aliyefundisha Halle kabla ya kuwa mchungaji wa Kanisa la Utatu mjini Berlin, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1747 alifungua Realschule ya uchumi na hisabati, iliyofundisha jiometri, mekanika, ujenzi, uchoraji na biashara, na kuwa na bustani ya miforosadi kwa ajili ya ufugaji wa viwavi wa hariri. Mwaka 1748 aliongeza mafunzo ya walimu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa: Semler alikuwa na vifaa, Hecker alikuwa na vifaa, tena akaandaa watu wa kuvifundishia. Shule yake ikadumu.

Lakini katika karne ya 19 heshima na vyeo vilikuwa bado mikononi mwa wasomi wa Kilatini. Kanuni za Prussia za mwaka 1859 ziliweka katika daraja la kwanza zile Realschule zilizofundisha lugha hiyo. Hivyo nyingi zilivutwa kuelekea chuo kikuu, zikaipa karakana kisogo. Jina lilibaki, kusudi likafifia.

Ikambidi Georg Kerschensteiner, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na sayansi, kuanza upya. Akiwa msimamizi wa shule za Munich kuanzia mwaka 1895 hadi 1919, alizipanga shule za wanagenzi kwa kufuata fani zao, ili hesabu za seremala zitokane na mbao zake mwenyewe. Juu ya misingi ya namna hiyo Ujerumani ilijenga mfumo wa mwanagenzi kujifunza shuleni na kazini kwa pamoja.

Twajifunza nini? Si ukosefu wa vifaa pekee uutenganao ubao na karakana. Hutenganishwa pia na mizani yetu ya heshima. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Kanisa linalomiliki shule halina budi kujiuliza: je, mwanafunzi wetu anayekokotoa ujazo wa mcheduara katika mtihani aweza kukadiria maji ya tangi la kijiji chake? Na mwalimu wake, je, alifundishwa kumwonyesha? Wachungaji wa Halle na Berlin hawakuona kwamba kujibu maswali ya namna hiyo ni kazi iliyo chini ya wito wao.