Orodha ya Vitabu vya Pemba na Haja ya Maelezo Yake

Mwanafunzi atakaye kuandika habari za kale za Pemba hapati taabu kukusanya majina ya vitabu. Taabu i katika kueleza, chini ya kila jina, mwandishi alizipataje habari zake, na kama zingali zimesimama au zimekwisha kuanguka. Orodha isiyo na maelezo hayo humpoteza msomaji, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Mfano ni Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake. Al-Masudi wa Baghdad, aliyefika pwani hii mara ya mwisho yapata mwaka 916, alitaja kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu, asibainishe kilipo. Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, akataja miji yake miwili, Mtambwe na Mkumbuu. Kwa kufanana majina, wako wasomi walioona kuwa Qanbalu ndiyo Mkumbuu. James Kirkman alipochimba hapo katika miaka ya 1950, hakukuta mabaki ya zama za Al-Masudi.

Mwenye kuishia kwa Kirkman ataandika kwamba mji ule haukuwa na umri huo. Lakini katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba tena, akaona dalili za misikiti iliyoutangulia ule wa mawe. Na mwaka 1984 Mtambwe Mkuu ilitoa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000.

Katika orodha tupu, Kirkman na Horton husimama sawa, kila mmoja na mwaka wake. Maelezo ya mistari mitatu yangetosha kusema kwamba wa kwanza hakudanganya, ila jembe lake halikufika alikofika wa pili. Kadhalika Kapteni Craster, aliyekuja kupima ardhi na kutoa kitabu mwaka 1913, ni shahidi mwema wa njia na mikarafuu aliyoiona, wala si wa karne asizoziona.

Basi maelezo si pambo la kumridhisha mwalimu. Ni amana kwa atakayefuata. Anayeyaacha humwachia mwenzake kosa lililokwisha kusahihishwa, naye atalirudia kwa jina la elimu.